Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Mimi ni shofere, tena mkali. Ukibamiza mlango wa gari langu nitakuambia, ukitapika bila kunionya nitakuambia pia. Lakini kitu kilichokuwa kinanipandisha hasira kuliko vyote ni jiwe lililoachwa njiani.

Acha nieleze, maana mtu aliyezoea lami hawezi kujua. Kwa miaka mingi niliwabeba watu waliokuja Goma kupanda milima. Nawachukua asubuhi, tunapita Majengo ninakokaa, tunapita Kanyaruchinya, kisha tunaacha barabara kubwa na kuingia njia ya ndani, mawe ya volkano na matope tu, hadi pale ambapo gari linakoma na miguu inaanza kazi. Gari likizimika kwenye mwinuko kama ule, breki peke yake haitoshi. Unashuka mbio, unatega jiwe nyuma ya gurudumu. Ukifika pa tambarare unasimama, unarudi kwa miguu, unalitoa. Baba yangu, naye shofere, alinifundisha hivyo kabla hajaniruhusu kushika usukani: jiwe ulilotega, ulitoe kwa mkono wako. Kwa sababu nyuma yako anakuja mtu wa chukudu.

Chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, magurudumu mawili ya mti, inayoteremsha viazi na kabichi kutoka mashambani. Ikishashika mteremko na magunia yake, haisimami kirahisi. Ikikuta jiwe ghafla, basi.

Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili, mtu na mke wake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Waongozaji wa mlimani hawakubali mtu aanze kupanda baada ya saa nne, na saa nne ilikuwa inakaribia. Kwenye mwinuko wa mwisho gari likazimika. Nikatega jiwe, nikawasha, likakubali, nikapanda. Kule juu nilipaswa kusimama. Nikatazama saa, nikatazama matope, nikasema moyoni, nitalitoa nikishuka. Mimi! Mimi niliyewahi kumkamata shofere mwenzangu shati mbele ya watu kwa jiwe dogo kuliko lile.

Sikukaa huko hata nusu saa. Niliposhuka nilikuta watu wamekusanyika. Chukudu imelala ubavu, gurudumu la mbele limepasuka, viazi vimetapakaa hadi mtaroni, na mwenyewe yuko chini, damu inamtoka sikioni. Jiwe langu lilikuwa palepale. Nililitambua kwa upande wake mmoja bapa, wenye alama nyeusi ya mpira.

Watu walikuwa wanalaani. "Shofere gani huyu, hana hata roho ya mutu?" Na mimi nikalaani pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Mungu anisamehe.

Tukamwinua, tukamlaza kiti cha nyuma. Kabla ya kuondoka nililiokota lile jiwe nikalitia garini, maana niliogopa litanisema. Mzee mmoja akaniona. "Muone huyu papa," akawaambia wengine, maana kwetu baba huitwa papa, "hata sasa anawafikiria watakaopita."

Njiani yule wa chukudu alitamka neno moja tu. "Viazi?" Nikamjibu kwamba viazi vipo, watu wanaviokota. Baada ya kitambo akauliza tena, "Viazi?" Tulipofika Majengo hakuuliza tena, na hospitali walimpokea akiwa amekwisha kufa.

Tangu siku hiyo, nikipanda pale, hata gari likiwa tupu, namsikia nyuma yangu akiuliza. Sisemi ni jini, wala sisemi si jini. Nasema namsikia. Mara ya kwanza nilisimamisha gari nikafungua mlango wa nyuma kutazama, na wageni wangu wakadhani nina wazimu.

Mke wa marehemu alinishika mikono yote miwili pale hospitali kunishukuru, mtoto mchanga mgongoni. Kwenye msiba walinikalisha mbele pamoja na wakubwa wa familia. Wao ni Wakatoliki, watu wa shamba, lakini walikuwa wameuliza na kuambiwa mimi ni Mwislamu, basi wakaniletea kuku na kisu nichinje mwenyewe, nipate kula bila wasiwasi. Nilichinja. Nilikula. Kile kipande cha kuku sitakisahau hadi naingia kaburini.

Kisha vita vikafunga njia. Wageni wakaisha, nikabaki kubeba mchanga na saruji humu mjini. Yule mama alikimbilia kambini Kanyaruchinya, na kila nilipopita alitoka kwenye hema lake la plastiki kunisalimia. Aliwaita majirani zake. "Ni huyu, ni huyu aliyemubeba bwana yangu!" Mara ngapi nilifungua kinywa! Nikakifunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini mimi kifo kilinifichia, na hilo ndilo lililonila.

Mwaka huu alirudi kwenye shamba lake. Juzi akanipigia simu, sauti ya furaha. "Papa, viazi ya kwanza tumevuna. Gunia ya kwanza ni ya kwako. Usikatae."

Viazi! Usiku huo sikugusa chakula. Mke wangu akaniuliza kama naumwa, nikamfokea bure. Asubuhi nikajua: viazi vile sitaweza kuvimeza, nitamwambia.

Nikapanda ile njia. Nyumba yake iko juu ya ule mwinuko, hatua chache tu kabla ya tambarare. Nikasimamisha gari, nikatega jiwe, lilelile. Nimekuwa nalo chini ya kiti miaka yote hii, natega hilo tu, nalitoa hilo tu. Alinikaribisha kiti mlangoni. Msichana wake, yule aliyekuwa mgongoni siku ile, alikuwa ameenda kuteka maji. Nikasema yote bila kunywa hata kikombe cha maji: mvua, saa, jiwe, laana yangu ya uongo.

Hakulia.

"Jiwe yenyewe ilienda wapi?"

"Iko pale, mama. Nyuma ya gurudumu."

Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Batoto bangu balikua na neno moja ya kuwatuliza. Kila wakilia niliwaambia, papa yenu hakufa kama mbwa njiani, kulikuwa mutu muzuri alimubeba. Sasa umekuja kuniondolea na hiyo." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Ulitafuta kupumua, eh? Umepumua?"

Nilikuwa sijapumua hata kidogo.

Msichana akarudi na bidoni lake la maji kichwani. Akalitua, akanitazama, akamgeukia mama yake. "Mama, ni huyu papa njo alimubeba papa?"

Yule mama alinitazama mimi, si mtoto. Nilitaka aseme hapana. Wallahi, nilitaka anifukuze.

"Ni yeye," akasema. "Mupe mukono. Kisha umusaidie kutia gunia yake kwa gari."

Mtoto akanipa mkono, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. Gunia likaingia nyuma, palepale kwenye kiti kile alicholazwa baba yake. Mama hakunisindikiza. Nikawasha, nikapanda zile hatua chache hadi pa tambarare, nikasimama, nikafungua mlango nirudi kwa miguu. Lakini msichana alikuwa tayari anakuja mbio, amelikumbatia jiwe kifuani kwa mikono miwili, gauni limejaa matope.

"Papa, usiache jiwe yako kwa njia," akasema akihema. "Mama anatukatazaka. Mutu anaweza kufa."

Nikalipokea. Nikamwambia aksanti, nikalirudisha chini ya kiti.