Diski ya Pili Isizimwe

Chuma kilichomvunja mkono yule mama kilikuwa cha jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, na kilimpata akiwa ameikumbatia kompyuta yangu. Muda mfupi kabla nilikuwa nimemwambia kwamba ikizimwa kabla ya ule mstari wa kijani kufika mwisho, kila kitu kitaharibika tena. Kwa hiyo shemeji yake alipoinua chuma aipige kompyuta, mama alijilaza juu yake. Nilisikia mfupa ukivunjika. Hakuiachilia.

Kazi yangu ni kurekodi harusi na mazishi, na duka langu liko mtaa wa Langas. Kompyuta yangu ina diski mbili. Ya kwanza ni ndogo, ndiyo inayoiwasha, na haina kitu kinachozunguka ndani. Ya pili ni kubwa, inazunguka, na ndiyo inayobeba kazi zote za wateja. Humo ndimo yalimokuwa mazishi ya mume wa yule mama.

Mume huyo alizikwa kwao kijijini, Soy. Walikuwa wameishi pamoja Langas miaka mingi bila ng'ombe hata mmoja wa mahari kupelekwa kwa wazazi wa mama, kwa hiyo siku ya mazishi kila mtu alingoja kuona mama atawekwa wapi. Mzee, baba mdogo wa marehemu, alichukua maikrofoni akamwita mbele. Akampa udongo autupe kaburini kabla ya mtu mwingine yeyote. Akasema, "Huyu ndiye bibi ya mtoto wetu. Mwenye kumsumbua, anisumbue mimi kwanza." Kamera yangu ilikuwa karibu nao.

Kisha Mzee naye akafariki. Ndugu wa mume wa mama, yule shemeji yake, akaja Langas kuchukua ploti ya marehemu ya vyumba vya kupangisha, pamoja na chumba anacholala mama na watoto. Akasema Mzee hakusema kitu kama hicho. Watu waliokuwa mazishini wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa wamesimama mbali, upepo ulikuwa mwingi, hawakusikia vizuri. Chifu akasema video iletwe, kila upande uione.

Flashi yenye nakala ya familia alikuwa amepewa huyo ndugu, kwa sababu ndiye aliyesimamia mazishi. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta nikarekodi harusi Cheptiret. Ikabaki diski ya pili.

Diski ya pili ilikuwa mgonjwa. Nilikuwa naacha kazi ikiwa salama, halafu nikiwasha kompyuta inaniambia diski haisomeki, nikubali ifutwe ianze upya. Sikukubali. Nilitumia programu ya kuokoa mafaili, yakarudi, na baada ya siku chache diski ikaanguka tena. Kila ilipoanguka ilikwenda na kitu: harusi moja, ubatizo mmoja. Mazishi ya Soy yalirudi kila mara, lakini kuyanakili kwenye flashi kulikatika njiani, na mara ya mwisho picha ilikuwa imeanza kukwama mwanzoni.

Nilifuata utaratibu, nikibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilibadilisha waya wa diski. Nikaihamishia tundu jingine. Nikapima diski yenyewe, majibu yakasema ni nzima. Mwishowe nikanunua diski mpya nikahamishia kila kitu, na mpya ikaanguka vilevile. Hapo nikajua diski haina kosa.

Mama alikuwa anakuja kila siku, anakaa kwenye benchi, haulizi. Shemeji yake naye akaja. Alisimama mlangoni, mtu mkubwa mwenye viatu vya gamboti vya shamba.

"Wewe wa kamera," akaniambia, "ni wewe umeoa huyu sasa?"

"Shemeji, ulikula kwangu," mama akasema. "Ukiugua, nani alikupikia uji?"

"Usiniite shemeji! Shemeji huletwa na ng'ombe. Ng'ombe wako wapi? Hata kuku ulileta?"

Alimpiga kofi lililomwangusha kutoka kwenye benchi. Nilipoingia katikati alinirusha ukutani kwa mkono mmoja, kisha akapiga kioo cha dirisha kwa ngumi mpaka kikamwagika chote ndani. Akaondoka akinyonya damu kwenye vidole.

Kioo hicho nilikuwa nimekibandika picha za maharusi kutoka juu hadi chini. Kilipoondoka, kwa mara ya kwanza niliweza kuona karakana ya fundi nikiwa kwenye kiti changu. Nilikuwa nafagia vipande fundi alipogusisha chuma. Cheche zikaruka, taa yangu ikafifia kidogo, na ndani ya kompyuta diski ya pili ikatoa mlio mfupi: kta. Akaacha. Akagusisha tena. Kta. Mimi na fundi tunatumia mita moja ya stima. Kila alipowasha moto wake alikuwa ananyang'anya diski nguvu ya kuzunguka, ikiwa katikati ya kuandika. Ile ya kwanza haikujali.

Nilimwita mama, nikamwonyesha. Aliinamisha sikio kwenye kompyuta, akasikiliza, akasema, "Kumbe ni huyu."

Nilikwenda kumwomba fundi asimame kidogo ninakili video kwenye flashi.

"Yaani kompyuta yako inaogopa moto wangu kama mbuzi na mvua?" akacheka. "Nina geti la mtu hapa, boss."

"Ni ya huyu mama. Ya mazishi."

Alimwona shavu lilivyovimba. Akazima mashine, akaegemeza vyuma vyake ukutani, akaenda kunywa chai.

Nilianza kunakili. Faili lilikuwa zito na diski ilikuwa inasoma polepole, kwa hivyo mstari wa kijani ulikuwa unatambaa. Ndipo nilipomwambia mama isizimwe. Shemeji yake alirudi wakati huo. Karakana ilikuwa haina mtu, na vyuma vilikuwa palepale, karibu na mlango wangu. Alichagua kimoja akaingia nacho.

Pigo la kwanza lilivunja mkono. La pili lilimpata begani. Nilimrukia mgongoni, akanipiga kiwiko cha mdomo, nikaanguka chini ya meza. Kutoka pale niliona damu ya mama ikishuka ubavuni mwa kompyuta. Alikuwa anasema neno moja tu, "Bado, bado, bado," na sikujua anamwambia nani.

Watu wa boda boda waliingia wote pamoja. Walimburuta yule mtu nje kwa miguu, wakampiga kwa mateke, kwa kofia za pikipiki, kisha kwa kile chuma chake. Nilisikia mtu akiitisha petroli. Fundi ndiye aliyewazuia. Alikuja mbio na kikombe bado mkononi, akasimama juu ya yule mtu akipiga kelele kwamba hapa si kichinjio. Mtu mzima wa Soy alikuwa chini kwenye matope, meno ya mbele hayapo, analia akiita jina la ndugu yake aliyekufa.

Niliporudi ndani, kompyuta ilikuwa imezimika. Katika purukushani mtu alikuwa amekanyaga waya ukachomoka. Polisi walipofika walichukua vyote kama vielelezo: chuma, kompyuta na damu yake, flashi ikiwa bado imechomekwa.

Mama ana plasta mpaka kwenye kiwiko. Bado analala kwenye chumba kile, kwa sababu chifu ameahirisha kikao mpaka video ipatikane. Ananiambia sikio lake lilikuwa juu ya diski muda wote, na mpaka walipomwinua ilikuwa inazunguka, haikulia hata mara moja. Mimi mara ya mwisho nilipouona ule mstari, ulikuwa umebakiza nafasi ya kidole. Flashi iko kituoni, ndani ya bahasha iliyofungwa, na hakuna mtu aliyeifungua.