Fundi Hamisi na kuku wake wanne mlangoni kwangu

Jamani, leo fundi Hamisi amebisha hodi akiwa amekumbatia kuku wanne waliolowa chapachapa!

Huyu ndiye jirani aliyelicheka banda langu la kuku hapa kwenye mteremko wa Gatsata. Nililijenga juu ya nguzo, nikachimba mfereji upande wa juu.

"Mama Zuhura, hiyo ni banda ama meza?"

Lake alilichimbia ndani ya kilima. Fundi, bwana.

Leo mvua imeshuka. Kwake maji yamejaa hadi kwenye viota. Kwangu yamepita pembeni, kuku wangu wakavu, wanatazama tu.

"Mama, iko nafasi?"

"Karibu, fundi."

Sasa hivi amepiga magoti matopeni, anapima nguzo zangu kwa kamba. Anadhani simwoni.

Nimpelekee chai, au nimwache amalize?