Bibi Ana Mimba, Maabara Imesema

Bibi yangu ana vitukuu. Asubuhi ile, maabara ya hospitali ikasema ana mimba.

Nesi wa wodi, tunayemwita Kicheko, alishika karatasi ya majibu akicheka mpaka machozi.

"Bibi, hongera! Baba mtoto tumjulishe?"

"Mwambie aje na nepi," bibi akajibu. Nyonga imevunjika, mdomo mzima.

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Kazi yangu ni kutunza mfumo wa kompyuta wa hospitali hiyohiyo. Kama mimba ni ya mtu mwingine, basi hata kundi la damu kwenye karatasi ile ni la mtu mwingine.

Na mfuko wa damu ulishatundikwa juu ya kitanda cha bibi.

"Dada, usifungue hiyo damu!"

"Daktari anamsubiri kwa upasuaji, mdogo wangu."

"Asubiri! Ukifungua, unaua."

Akaacha kucheka.

Nikashuka ngazi mbiombio hadi maabara. Kule, kwa kulinda siri za wagonjwa, majina hayafiki. Ni namba tu.

Kwenye kompyuta, bibi alikuwa 10003. Kwenye kibandiko cha kichupa chake: 1000.

Nikashika kichupa cha jirani. 1000.

Cha tatu. 1000!

Mfumo haukukosea. Ulitoa namba kwa kufuatana, kila mgonjwa na yake. Ila kibandiko kilipewa nafasi ya tarakimu nne tu, na alfajiri ile tulikuwa tumevuka 9999. Tarakimu ya tano ikawa inakatwa kimyakimya.

Wagonjwa kumi, namba moja.

"Sasa hizi damu ni za nani?" fundi wa maabara akauliza.

"Hatujui. Wote watolewe damu upya."

Kipimo kipya kikatoka: bibi ni kundi O. Ule mfuko ulikuwa A.

Nikapiga simu wodini, mfuko ukashushwa.

Nikapanua namba na kibandiko hadi tarakimu nane, sifuri zikitangulia. Bibi akawa 00010003, akaingia chumba cha upasuaji, akatoka mzima.

Likabaki swali: mimba ni ya nani?

Ya 10007. Mtumishi wetu mwenyewe, aliyepimwa damu asubuhi kwa sababu ya kizunguzungu.

Nikampelekea Kicheko karatasi yake. Akasoma. Akaketi.

Bibi, bado amelewa dawa ya usingizi, akafungua jicho moja.

"Baba mtoto tumjulishe?"

Jamani mnaotengeneza mifumo, namba ni kama sare ya mtoto. Mshonee ukijua atakua.