Ng'ombe wetu wa Emali aliogopa hadi tumbo likasimama

Wakuu, hamjambo? Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nimeolewa karibu na Emali, nina mapacha wa miezi minane, maziwa yangu yamekauka. Baba mkwe akaenda Ikutha kutuletea ng'ombe wa maziwa na ndama wake.

Wakaletwa kwa lori. Huyo ng'ombe hakuwa amewahi kupanda lori maishani. Wakati wa kushuka pale Emali, karibu na reli, treni ikapiga honi kando yake, akaanguka magoti. Alifika nyumbani akitetemeka mwili mzima.

Siku ya kwanza hakula. Ya pili hakucheua. Ya tatu maziwa yakakatika, watoto wangu wanalia njaa.

Tukamnywesha maji ya magadi, dawa yetu ya kila tumbo. Wapi. Baba mkwe akaanza kunoa kisu, maana ng'ombe akishajifia hata nyama hatungekula.

Nikakimbia kwa jirani yetu Hassan, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki. Alipofika kwetu hakuangalia jicho la ng'ombe wala ulimi. Alibandika sikio ubavu wa kushoto, akasikiliza.

"Tumbo yake imeogopa, ikasimama," akasema. "Tumuazimie ya mwenzake."

Akamshika ng'ombe wake aliyekuwa akicheua, akaingiza mkono mdomoni, akatoa donge la majani. Akalikoroga na maji vuguvugu, akamnywesha wetu. (Mimi nilitapika pembeni, siwafichi.) Akaagiza ndama akae karibu na mama yake na mtu asipige kelele.

Kesho yake asubuhi baba mkwe aliniita.

"Mama Mwende, kuja usikie."

Kwetu Ukambani mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe hivyo. Siku hiyo tuliweka masikio ubavu mmoja. Ndani kulikuwa kunanguruma, kunatulia, kunanguruma tena. Nililia. Jioni mapacha walikunywa maziwa.

Baadaye sana afisa wa mifugo alinieleza kwamba tumbo lina neva zake, nyingi ajabu. Hofu ikizifikia, linaacha kusukuma chakula, na vijidudu vinavyosaga majani vinadhoofika na kufa. Lile donge lilileta vijidudu hai. Mpaka leo nikifikiria nashangaa, kumbe ndani ya tumbo kuna mji mzima unaosikia tukiogopa.

Nilichojifunza: mtu wangu akikataa chakula, sikimbilii dawa. Kwanza namuuliza ni nini kimemtisha.

Wewe je, hofu imewahi kukufunga tumbo? Andika hapa chini, nasoma zote.