Kimya cha Miezi Minne na Siku Kumi

Mbwa yule alikuja kwa mtumbwi, mwaka wa pili au wa tatu wa kazi yangu ya unesi, kwenye zahanati iliyokuwa karibu na mdomo wa Ruvuma. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, watu wakipigana na Wareno, na karibu kila wiki walivuka wakimbizi na mabunda yao kichwani, wengine na kuku, mmoja namkumbuka amebeba mlango wa nyumba yake. Mwanamke aliyemleta mbwa alikuwa na mtoto mgongoni, sufuria moja, na jeraha la mguu lililokwisha kuanza kunuka. Nilimsafisha jeraha lile siku tisa. Siku zote tisa mbwa alilala chini ya kitanda chake. Alikuwa na rangi ya mchanga, sikio moja limekatika ncha, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akibweka.

Siku ya kumi lilikuja lori la kuwachukua wakimbizi kuwapeleka kambini. Dereva akamtazama mbwa, akasema nafasi iliyopo ni ya watu, na hata watu wenyewe hawatoshi. Yule mama alinigeukia mimi akanishika mkono.

"Nesi," aliniambia kwa Kimakonde cha kwao, nami nikimfuata kwa shida, "mtafutie mahali asisikie kishindo. Nyumba yetu iliungua yeye akiwa amefungwa mlangoni. Akisikia kishindo anakufa huku anapumua."

Nikamwambia nitamtafutia, wallahi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mdomo mwepesi, na kuapa kwangu kulikuwa rahisi kama kupiga chafya. Lori likaondoka. Mbwa hakulikimbilia, kwa sababu lilipowashwa tu alikuwa amekwisha kujibana nyuma ya kabati la dawa, anatetemeka mpaka chupa zinagongana.

Sasa, kwetu sisi Waislamu mbwa si mnyama wa kuingizwa nyumbani hivi hivi. Tumekulia kwenye kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kila chombo alichotia ulimi. Anayefuga mbwa anamfuga kwa kazi, alinde shamba, akimbize nguruwe pori wanaofukua mihogo. Kwa hiyo kila niliyemwendea aliniuliza maswali yale yale mawili. Anabweka? Anakimbiza nguruwe? Nami nilikuwa na mbwa asiyebweka, na nguruwe akikohoa tu, wa kukimbia angekuwa yeye. Nilimtumia mama yangu salamu kule Shangani kwa mchuuzi mmoja wa samaki, kuuliza kama anaweza kumpokea. Jibu lilirudi na mchuuzi yule yule, anacheka: "Mama kasema ukija na mbwa wako uje na udongo wako, na hizo mara saba mkaoshee huko huko."

Pale zahanati mambo yaliharibika haraka. Ukidondosha kifuniko cha beseni, mbwa alijikojolea. Upepo ukibamiza dirisha, hakula siku nzima. Mganga wetu, mkubwa wangu wa kazi, alikuwa mtu mwema lakini mwenye mipaka. "Mbwa hafi maji akiona ufuko," aliniambia, "ila huyu, dada, ufuko wake si zahanati yangu." Akanipa wiki mbili.

Nilimpeleka kwanza kwa mkulima mmoja wa mihogo, nikamdanganya kwamba mbwa ni mkali. Usiulize waongo wakoje, mwongo nilikuwa mimi. Wakulima wakati ule walikesha wakipiga madebe matupu kufukuza nguruwe, jambo nililolijua tangu utotoni na ambalo, kwa akili zangu, halikunijia hata kidogo. Asubuhi ya pili mkulima alimrudisha akiwa amembeba mabegani kama mbuzi mgonjwa. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, nami nikatamani anigombeze.

Ndipo watu wakanishauri: mpeleke kwa kiziwi. Tulikuwa na mzee mmoja kiziwi, msuka majamvi, anaishi peke yake. Nani angekosea hapo? Kiziwi, jamvi, mtu mmoja. Nilijiona nimepata. Kumbe asiyesikia hana sababu ya kufunga mlango polepole. Mzee aliubamiza, sufuria alizitupa, kuni alizipasua mlangoni, na alipocheka alicheka kwa mapafu yake yote. Nyumba yake ilikuwa na makelele kuliko gati la Mtwara msimu wa korosho. Siku ya tatu alikuja mwenyewe na mbwa kifuani. Aliniwekea kiganja chake kifuani kwangu akakipigapiga haraka haraka, kunionyesha moyo wa mnyama unavyokwenda, kisha akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. Mzee yule alikuwa ameisikia hofu ya mbwa kwa mikono yake.

Wiki hiyo hiyo mume wa shangazi yangu alifariki kwa homa. Shangazi huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, akikaa kijiji cha upande wa Mnazi Bay, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka zahanati, nyumba ya mwisho kabla ya mikorosho. Hawakujaliwa watoto. Lazima niseme alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hadithi hii haina maana. Shangazi alikuwa na kicheko. Harusi yoyote ya pande zile, yeye ndiye aliyeitwa kuanzisha wimbo, na akicheka, mtu aliyekuwa kisimani alitua ndoo aulize kuna nini. Sasa alikuwa ameingia eda. Amekaa chumbani na kaniki yake, hana wanja, hana hina, hana manukato. Redio ya marehemu imefunikwa kitambaa. Jirani aliyemletea maji na chakula alisema naye kwa sauti ya chini, na hata kinu kilihamishiwa nyumba ya pili ili asisumbuliwe.

Nilikwenda kumpa pole, nikakaa naye alasiri nzima, na nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Nikiwa nimemshika mkono mjane wa siku nane, nilikuwa nasikiliza kimya cha nyumba yake na kusema moyoni: hapa ndipo.

Nilipomwomba alifikiri kidogo. "Anabweka?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi atanilindia nini?"

"Hakulindii kitu. Anaogopa tu."

Alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Mlete," alisema. "Tutaogopa pamoja."

Mbwa alikaa uani, karibu na jiko. Shangazi alimtengea kigae chake cha chakula na kopo la udongo pembeni, kwa maana dini yake hakuichezea. Wiki ya kwanza mbwa hakutoka nyuma ya kuni. Wiki ya tatu alikula Shangazi akiwa amekaa hatua kumi. Mwezi wa pili nilimkuta amelala mbele ya mlango wa chumba, pua yake imefika kizingitini, haikuvuka hata kwa unywele. Ndani Shangazi alikuwa anamsimulia habari za mume wake, polepole: alivyokuwa akikoroma, alivyokuwa mgumu wa kununua viatu. Watu wote waliokuja kumpa pole walimwambia subira huvuta heri. Mbwa hakumwambia neno, na naona ndiyo sababu alizungumza.

Siku moja alinyoosha mkono nje ya mlango. Kwanza aliupangusa kwenye kaniki, akaugeuza, akaukagua kama una unyevu. "Kavu kwa kavu haina neno," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye shehe aliyekuja kumkamata. Kisha akamgusa kichwani, kwenye lile sikio lililokatika. Mbwa alifumba macho. Nilitoka uani nikalia, kwa furaha, nikijiambia nimetimiza kiapo.

Nilijua hesabu. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, mtoto wa madrasa anaijua. Nilikwenda kila nilipopata siku ya mapumziko, nikaona mbwa anaanza kutikisa mkia, nikaona anakunywa maji mtu akiwa anapita, na hesabu ile nikaiweka mbali. Nilifanya kama watu wanavyofanya na nyumba ya kupanga, wakapanda mti wakasahau kwamba si yao.

Ilipobaki wiki moja nilipanga vizuri. Siku ya kutoka eda nitafika alfajiri, nimchukue mbwa nimpeleke mbali kwenye mikorosho, nikae naye mpaka wanawake wamalize shughuli yao na kelele zao. Na alfajiri nilifika kweli, kamba nimeishika. Nikamwita mbwa akaja, nikamfunga kamba shingoni. Wanawake walikwisha jaa ndani, wanamwogesha Shangazi, wanamfukiza udi. Nikasema nichungulie mara moja tu, nimwone, kisha twende zetu.

Shangazi akatoka. Alikuwa amevaa khanga mpya, doti nzima, wanja machoni, hina mikononi. Amekonda. Alinitazama nimesimama na kamba na mbwa wangu, na bila shaka nilikuwa kichekesho, kwa sababu akacheka. Kile kicheko chake. Sikukisikia miezi minne na siku kumi, na nilikuwa nimekwisha amini kimezikwa na mume wake. Nikasahau nimeshika nini. Kigelegele kilinitoka kabla sijakijua, na wanawake wote waliokuwa nyuma yake wakakipokea, na mmoja akaipiga sinia.

Kamba ilinichubua kiganja. Nilimwona akipita kati ya kuni na jiko, na hakulia hata safari ile. Ukuta wa makuti ulitikisika alipopita, basi.

Tulimtafuta siku tatu. Shangazi alitafuta na khanga yake mpya mpaka ikachanika kwenye mikorosho. Mvuvi mmoja alisema amemwona mbwa rangi ya mchanga anakwenda kusini akifuata ufuko, upande wa mtoni, hageuki. Kusini kule ndiko mizinga ilikokuwa ikilia siku zile. Sikuweza kuelewa kwa nini aende huko, na hadi leo sielewi, isipokuwa labda ndiko alikokuwa na mtu.

"Kosa ni langu," nilimwambia Shangazi.

"Wewe ulipiga kigelegele. Aliyecheka ni mimi," alisema. "Usilie, mwanangu."

Lakini alirudi kwenye kimya chake. Redio aliifunika tena. Kila jioni aliweka chakula kwenye kigae, na kila asubuhi alikimwaga. Walipomwita harusini kuanzisha wimbo aliomba radhi. Wanawake wana midomo, wakaanza: eda ya mume tunaijua, hii eda ya mbwa shehe kasema ni siku ngapi? Nilimsikia mmoja kisimani, nikamwambia maneno ambayo nesi wa serikali hapaswi kuyasema.  Shangazi alikufa mwaka uliofuata, kigae kiko pale pale uani na kopo la udongo limejaa maji ya mvua. Nilikiosha mara saba, sijui kwa ajili ya nani.

Vita vya ng'ambo vikaja kwisha, watu wakaanza kurudi kwao, wakipita palepale kwetu kuvuka. Asubuhi moja mwanamke mmoja alisimama mlangoni pa zahanati na kijana mrefu nyuma yake. Sikumtambua uso. Alipandisha khanga akanionyesha kovu la mguu, tukakumbatiana. Alikagua kitanda chake cha zamani, akaketi juu yake kama mwenye nyumba. Kisha akauliza, kwa Kiswahili alichojifunza kambini:

"Na yule mbwa, nesi? Ulimpatia?"

Nilikuwa na miaka mingi ya kujiandaa kwa swali lile. "Nilimpatia," nilisema. "Nyumba ya mjane. Kimya kabisa. Alikuwa akilala mlangoni pake, anashikwa kichwani, anafumba macho."

Yote hayo yalikuwa kweli, na nilikuwa nimevuta pumzi nimwambie yaliyobaki. Hakuningoja. Uso wake ulifunguka, akainua mikono, akapiga kigelegele kirefu cha mtu anayekwenda nyumbani, ukumbi wote wa zahanati ukajaa.

Nikajikuta nimepiga magoti, nimeinama, natazama chini ya kitanda.

"Umeangusha nini?" aliniuliza.

Nikamwambia sindano.