Ngozi Iliyoletwa kwa Baiskeli

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuyaona makosa yangu na subira ya kuyasimulia.

Nilisoma chuoni tangu utoto, kisha nikafundisha madrasa hapa Bariadi mjini kwa miaka mingi. Magazeti sikuyakosa. Nilijiona miongoni mwa watu wanaoelewa mambo, na waliokipenda chama kile kingine cha siasa, kisicho changu, niliwaona kama watoto ambao bado hawajafika darasani. Sikuwachukia. Niliwahurumia, na huruma ile, Mungu anisamehe, ilikuwa dharau tupu.

Nilikuwa na ng'ombe jike mmoja. Mjini sina malisho, kwa hiyo nilimweka kwa mfugaji wa rika langu, kijiji kimoja nje ya Dutwa, kama ilivyo desturi ya huku: yeye anakunywa maziwa, ndama wanakuwa wangu, na siku moja nitamkatia ndama mmoja awe wake. Ng'ombe akifa, anayemtunza lazima amletee mwenye ng'ombe ngozi. Bila ngozi ni mwizi.

Mwaka wa uchaguzi nilipita Dutwa nikamwona mfugaji wangu amevaa fulana ya chama kile, na kofia yake, anacheka na wenzake. Nikarudi na kitu moyoni. Mtu anayedanganyika kirahisi hivi, niliwaza, atashindwaje kudanganya? Tangu hapo nikawa nampigia simu kila baada ya siku chache kumuulizia ng'ombe, na nikisikia ng'ombe wakilia nyuma yake nilijiuliza kama wangu yumo.

Asubuhi moja akafika kwangu kwa baiskeli. Kwenye keria alifunga ngozi, na juu yake kiroba chenye paja la nyama.

"Mwangaluka, shehe," akaniamkia kwa Kisukuma. "Ng'ombe wako hatunaye. Jana alitumbukia korongoni akavunjika mguu."

Niliikunjua ngozi. Ilikuwa nyekundu. Wangu nilimkumbuka mweusi mwenye mabaka.

"Hii siyo yake," nikasema.

"Ulimwona mara ngapi?"

"Nilimnunua mwenyewe mnadani."

"Mara moja, basi."

"Na nyama siichukui. Sijui alikufaje."

Alifungua kinywa. Nikamwahi: "Ndugu yangu, nyie wa chama chenu mmezoea kuambiwa na kuamini. Mimi nimezoea kuuliza."

Akafunga kiroba chake, akaiacha ngozi ukutani na kuondoka bila kunywa chai.

Siku tatu nilizunguka na ngozi ile kichwani mwangu. Ya nne nikapanda basi kwenda kumshtaki kwa wazee wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chake. Nilijua maana yake. Wakimwona ana hatia wangemtenga: hakuna wa kumsalimia, wala wa kumpa moto, wala wa kumsaidia kuvuna pamba. Nilijua, na bado nilikwenda.

Dutwa nilishuka nikaingia kwenye duka la vitenge la Mwislamu mwenzangu, ambako huwa naswali adhuhuri. Nilipomaliza, mwenye duka akaniuliza, "Nyama ilikufikia salama?"

"Nyama gani?"

"Ya ng'ombe wako mwekundu. Si mimi niliyemchinja? Yule mzee alikuja mbio na baiskeli, jasho linamtoka. Anasema mwenyewe ni shehe, asipochinjiwa na Mwislamu hatakula. Nikafunga duka. Nilimkuta ng'ombe bado anapumua."

Nilikaa tena juu ya mkeka wa kuswalia.

Ningeweza kurudi na basi la jioni, wala hakuna ambaye angejua. Nilikodi pikipiki hadi kwa mfugaji. Nilimkuta na mkewe wanachambua pamba uani, naye amevaa fulana ileile.

"Nilikuwa nakuja kukushtaki," nikasema kabla hata ya kukaa.

Mkewe akaacha pamba. "Kushtaki nini?"

"Shehe hajui rangi ya ng'ombe wake," mume akamwambia, na mama yule akacheka hadi akajifuta macho kwa khanga.

"Mbona hukuniambia amechinjwa na Mwislamu?" nikamuuliza.

"Si ulisema umezoea kuuliza? Nilikuwa nasubiri swali."

Nilimwomba radhi. Akamwambia mkewe alete maziwa. Tulipokuwa tunakunywa nikamuuliza kwa nini anakipenda chama kile. Safari hii niliuliza kweli. Akasema josho la kijiji limekufa na ng'ombe wanaliwa na kupe. Alikwenda mikutano ya kampeni ya vyama vyote viwili, akasimama, akauliza swali lilelile, na mgombea mmoja tu, wa chama kile, ndiye aliyemjibu.

"Na wewe, shehe, ulipomuuliza mgombea wa kwetu, alikujibu nini?"

Sikuwa nimefika. Mkutano wa upande wa pili sijawahi kuuhudhuria maishani mwangu.

Kura yangu haikuhama, wala yake. Ndama aliyeachwa na ng'ombe yule bado yuko kwake, mwekundu, nami sasa humtembelea. Ile ngozi ndiyo ninayoswalia.

Wewe unayesoma, Mungu akupe jirani mwaminifu usiyekubaliana naye, na akuzibe mdomo kabla hujamvunjia heshima. Amin.