Kura ya Ghorofa ya Tano

Kila mtu alimwita Bisibisi, hata watoto wa dada yake. Alikuwa fundi simu, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mwenye kibanda kidogo chini ya jengo alimoishi na mama yake, na mdomo usio na breki. Ukimpelekea simu yenye betri iliyovimba, kwanza utapigwa hotuba. "Wameigundisha makusudi," angekuambia huku akiupasha moto mgongo wa simu. "Betri ni kitu cha kubadilisha dakika mbili. Wanataka utupe simu nzima ununue nyingine. Wezi wakubwa!" Wateja walicheka, lakini walirudi, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hakumficha mtu ubovu wa simu yake.

Kilichomkera kuliko betri ni lifti. Ilikufa miaka sita iliyopita, na mama yake, ambaye magoti yalikwisha kumsusa, aliishi ghorofa ya tano. Mara ya mwisho kukanyaga ardhi ilikuwa miaka miwili nyuma, alipopelekwa zahanati. Jengo lilikuwa la halmashauri. Mheshimiwa diwani aliahidi kuitengeneza lifti katika kampeni iliyopita, na safari hii akaiahidi mara ya pili bila hata chembe ya haya. Bisibisi alitamani kumtafuna mbichi.

Ndipo akaanzisha kundi la wapangaji kwenye simu. Miezi mitatu alivumilia picha za maua za kila asubuhi, na jirani wa ghorofa ya pili aliyekuwa akitangaza dawa za kunenepesha. Mwishowe wakakubaliana: jengo zima litampigia kura mkunga, mama wa zahanati aliyekuwa akigombea udiwani, ambaye alitia saini mbele yao kwamba lifti itakuwa kazi yake ya kwanza.

Alikuwa na kundi jingine pia, Wavuja Jasho, watu mia tisa wasiojuana, wengi wakiwa na ngumi nyekundu mahali pa sura zao. Humo ndimo alimojifunza kwamba hasira zake zina majina. Lakini alipowaeleza habari za mkunga, walimrukia. "Kura ni kiini macho cha mabwanyenye," aliandika kiongozi wao, aliyejiita Nyundo. Hakuna aliyewahi kumwona, ila simu yake ilijulikana kuwa ni toleo la mwaka huohuo, kwa jinsi picha zake zilivyong'aa. "Komredi, unayauza mapambano."

"Mama yangu yuko ghorofa ya tano," akajibu Bisibisi.

Nyundo akamtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na nne. Bisibisi aliusikiliza wote huku akisafisha saketi kwa mswaki, akingoja angalau neno ngazi litajwe. Halikutajwa.

Wiki moja kabla ya uchaguzi, maboksi ya simu yakaingia jengoni. Zawadi ya mheshimiwa kwa wazee wetu, ndivyo yalivyoandikwa. Mama akapata yake. Bisibisi aliishusha kibandani na kuikagua. Ilikuwa gundi tupu kila upande, na ndani mlikuwa na programu yenye uso wa mheshimiwa, isiyofutika, iliyojipa ruhusa ya kusoma kila jina na kila ujumbe. Akapanda ngazi zote akihema.

"Mama, hii simu inakuchungulia."

"Wacha ichungulie. Itaona nini, kikongwe amekaa?" Mama aliichukua, akampigia kwa video dada yake Bisibisi aliyekuwa mji mwingine. Wajukuu wakajaa kwenye kioo, wakimpungia bibi yao mkono. "Mwanangu, lifti nimeingoja miaka sita. Hii imekuja asubuhi moja."

Maneno hayo yalimchoma Bisibisi. Wamemfungia mtu mlango miaka yote hiyo, wakamletea kidirisha cha ukubwa wa kiganja, halafu ashukuru!

Siku ya kura Bisibisi alisimama kama wakala wa mkunga katika kituo cha upande wa pili wa kata, simu ikiwa imezimwa. Walikwisha panga na majirani kumshusha mama alasiri. Saa nane akapokewa zamu, akawasha simu, na picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa kwa Wavuja Jasho: mama yake juu ya kiti cha plastiki, amebebwa na vijana wanne wenye fulana za mheshimiwa. Tunawabeba wazee wetu, ndiyo maandishi yaliyokuwa chini yake. Komredi mmoja alikwisha mwita mama mtumwa wa kura. Nyundo alishinda akieleza kwamba picha hiyo inathibitisha hoja yake. Watu mia tisa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama bibi wa watu amefika kwake.

Bisibisi akakimbia.

Mama alikuwa chini ya ngazi, peke yake, juu ya kiti kilekile. Vijana walimrudisha hapo saa nne, wakasema wanarudi sasa hivi, wakaenda jengo jingine. Waliopita kuelekea kwenye foleni mama aliwaambia hivyohivyo, wakaamini. Gauni lake lilikuwa limelowa. Alikuwa amelifunika kwa pochi, na hakumtazama binti yake usoni.

Bisibisi aliwaita majirani kwa kelele ambazo hazijawahi kusikika jengoni humo. Mshona viatu akaja, dereva wa lori akaja, na yule mama wa dawa za kunenepesha akaja na shuka la kumfunika. Wakakishika kiti kila mtu na mguu wake, wakaanza kupanda.

Ghorofa ya tatu wakakitua wapumue. Mama akamshika binti yake mkono.

"Nilimpigia kura mheshimiwa," akasema. "Usinigombeze. Waliniambia nikimpa kura watanirudisha mpaka juu."

Majirani wakatazama ukuta. Bisibisi alikuwa na hasira ya kuteketeza jengo, lakini hata tone moja halikumwendea mama yake. Akamtengenezea shuka magotini, akainama, akaushika tena mguu wa kiti.

"Haya, mama," akasema. "Zimebaki mbili."